Ajali ndogo: wakati gani twende kwa asiransi, wakati gani tujilipie

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa mwezi, hapa Lubumbashi. Tunayachapa kwa sababu wengi hawakuweza kufika, na wengine waliomba karatasi ya kwenda kusoma na bashoferi wao nyumbani.



Komite iliniomba niseme juu ya asiransi ya motokari. Waliorudi kutoka Tanzania, kutoka Nyarugusu na Lugufu, wanaiita bima. Waliorudi kutoka Zambia, kutoka Meheba, Kala ama Mwange, walizoea kusema inshuransi. Ni kitu kimoja. Leo nitachanganya bima na asiransi, mtanielewa.

Ulizo lenyewe ni fupi. Ukigonga kitu kidogo, ama ukigongwa kidogo, uende kwa asiransi ama umalize mwenyewe na feza yako? Watu wengi wana jibu tayari. Mmoja anasema: "Asiransi ni karatasi ya kuonyesha polisi wa rulaji tu, haina kazi ingine." Mwingine anasema: "Nililipa, basi walipe kila kitu, hata balbu." Majibu yote mawili yanatuletea hasara, na hasara hiyo inakuja kuishia kwenye mfuko wa chama. Njo maana tunaongea hii leo.

Mambo mawili yaliyotokea kati yetu

Sitataja majina. Wenyewe walikubali niseme, ili wengine wajifunze.

La kwanza. Ndugu mmoja anaendesha taksi upande wa Ruashi. Siku moja karibu na soko, kioo chake cha pembeni kiligusa msichana mkononi. Msichana alianguka, akasimama, akasema haumwi. Mjomba wake akafika. Wakaongea. Mjomba akasema: "Tusikilizane papa, tusiite polisi, leta dola 30 ya dawa." Ndugu yetu akalipa, akashukuru Mungu, akaendelea na kazi. Hakuandika kitu. Hakuita mtu wa asiransi, ingawa asiransi yake ilikuwa nzima, imelipwa, bado na miezi mingi mbele.

Siku ya tatu mkono ulivimba. Picha ya hospitali ikaonyesha mfupa umepasuka. Familia ikarudi, safari hii pamoja na polisi. Ndugu yetu alikaa wiki tatu akijaribu kumaliza kifamilia, mara dola 50, mara 40. Wakati feza ilimwishia, ndipo alikumbuka ofisi ya asiransi. Kule wakamwambia: umechelewa, na tena ulikubali kosa na kulipa bila kutuuliza. Gharama ya hospitali ikalipwa na nani? Na mfuko wetu. Feza za bamama wa likelemba na feza za wafadhili zikalipa kitu ambacho ule ndugu alikuwa amekwisha kukinunua kwa kampuni.

La pili ni kinyume chake. Dada mmoja alinunua bima kubwa, ile inaitwa turiski, inayolipa hata motokari yako mwenyewe. Mwaka ule alipeleka madai matatu: mkwaruzo wa mlango, taa ya nyuma, na parshoki. Kila mara alipoteza siku mbili tatu kwa kutafuta karatasi, fakitiri ya garaji, picha. Kila mara jibu lilikuwa moja: bei ya kutengeneza iko chini ya franshizi, hatulipi. Hakuna mtu aliyekuwa amemweleza franshizi ni nini. Alikasirika, akasema asiransi ni wezi, na mkataba ulipokwisha hakuurudilia. Leo anatembea bila kitu. Siku akigonga mtoto wa mtu, ataanza wapi?

Mnaona? Wa kwanza hakwenda pale alipaswa kwenda. Wa pili alikwenda pale hapakuwa na kitu cha kuchukua. Wote wawili walipima udogo wa ajali kwa macho, kwa ukubwa wa mkwaruzo. Mimi nataka tupime kwa njia ingine.

Sheria kwa kifupi

Hapa Kongo, asiransi ya motokari si mambo ya kupenda. Sheria namba 73-013 ya tarehe 5 mwezi wa 1, 1973, ilifanya kuwa lazima kila chombo chenye motere kinachotembea barabarani kiwe na bima ya kulipa hasara ambayo kinaletea watu wengine. Basi, hata pikipiki ya bijana wetu iko ndani. Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa moja tu, SONAS, iliyoanzishwa mwaka 1966. Kisha ikaja sheria namba 15/005 ya tarehe 17 mwezi wa 3, 2015, ile Kodi ya asiransi, ikafungua mlango kwa makampuni mengine. Tangu 2019 makampuni ya watu binafsi yalipata ruhusa ya kufanya kazi, na ARCA ndiyo inayoyasimamia yote. Kwa hiyo leo unaweza kuchagua, lakini lazima pia usome unachonunua.

Tofauti moja ishike kichwani. Bima ya lazima, ile makaratasi yanaita RC, inalipa yule uliyemwumiza na kitu chake ulichoharibu. Hailipi motokari yako. Ukipiga nguzo ya umeme usiku, asiransi hiyo itaangalia ile nguzo, haitaangalia parshoki yako. Wengi kati yetu tuko na RC tu. Basi kwa mkwaruzo wa motokari yako uliojifanyia mwenyewe, ulizo limekwisha: hakuna dai. Nenda kwa tolie, sikilizana naye bei, rudi kazini.

Turiski ni bima ya kuongeza juu ya RC. Ndiyo inayolipa motokari yako hata kama kosa ni lako. Bei yake ni kubwa zaidi, na mara nyingi iko na franshizi.

Kujulisha si kudai

Hapa ndipo wengi wanapotea. Kuna vitendo viwili, na kila kimoja kina wakati wake.

Kujulisha ni kuandikia kampuni: tarehe fulani, saa fulani, pahali fulani, jambo hili limetokea. Kudai ni kusema: sasa nilipeni, ama mlipie ule mtu. Unaweza kujulisha bila kudai. Lakini usipojulisha kwa wakati, siku utakapotaka kudai mlango unaweza kuwa umefungwa. Siku za kujulisha zimeandikwa katika mkataba wako, na ni siku chache, si wiki tatu. Ukirudi nyumbani leo, fungua ile karatasi, tafuta siku hizo, ziandike kwa kalamu nyekundu juu ya ganda.

Sasa kipimo chenyewe. Ninaomba mkibebe hiki hata kama mengine yote yatasahaulika: ajali ndogo ni ile ambayo hakuna mtu anayeweza kurudi kesho kukudai zaidi. Kama kuko mtu anaweza kurudi, ajali hiyo si ndogo, hata kama mkwaruzo hauonekani.

Kutoka kwa kipimo hicho tunapata mambo matatu.

Moja: mtu ameguswa. Mtoto, mwenye baiskeli, mama mwenye beseni kichwani, abiria wako mwenyewe. Julisha siku zote. Usiseme "amesimama, hana kitu". Mwili hausemi yote siku ile ile. Aliyepigwa kichwa anaweza kucheka saa ya ajali na kutapika usiku. Mpeleke kwa daktari, chunga karatasi za daktari, julisha kampuni. Na ujue pia kwamba kumwumiza mtu bila kukusudia ni jambo la parke na tiribinali. Dola 30 za mjomba hazifungi dosie. Kukimbia ndiyo mbaya zaidi, hiyo inakuwa kosa lingine juu ya kosa.

Mbili: kitu cha mtu kimeharibika, hakuna aliyeumia. Hapa unaweza kumaliza mwenyewe, lakini kwa masharti. Uharibifu wote uonekane kwa macho, bei ijulikane siku ile ile kwa tolie, na unayesikilizana naye awe mwenye kitu. Hilo la mwisho linatuumiza sana hapa mjini. Taksi nyingi shofera si mwenyewe. Yeye anatafuta verseman ya siku. Unalipa shofera dola 20, anakwenda. Kesho patron anakuja: "Nani alikwambia umlipe ule? Motokari ni yangu, taa hii ni dola 90." Uko naye uso kwa uso, bila karatasi, na feza imekwisha kutoka.

Kama masharti hayo yametimia, andikeni karatasi: majina, nambari za motokari, tarehe, kilichoharibika, feza iliyotolewa, na maneno "tumemalizana, hakuna deni lingine". Sahihi mbili, shahidi mmoja, kila mtu na kopi yake. Hata picha ya simu ya karatasi hiyo inasaidia. Kama sharti moja limekosa, julisha. Na usiandike "mimi ndiye mwenye kosa" ama kuahidi feza mbele ya kuongea na kampuni. Mikataba mingi inasema wazi kwamba ahadi uliyoitoa bila wao haiwafungi wao. Eleza kilichotokea, usijihukumu.

Tatu: ni motokari yako tu, hakuna mtu, hakuna kitu cha mwingine. Hapa hakuna atakayerudi kesho. Kama uko na RC tu, jilipie. Kama uko na turiski, kaa chini ufanye hesabu. Sasa tufanye hiyo hesabu pamoja.

Hesabu ya franshizi

Franshizi ni ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo wewe mwenyewe unabeba kila mara. Kampuni inaanza kulipa juu yake. Tuseme mkataba wako una franshizi ya dola 150. Ni mfano tu, wako uusome mwenyewe.

Tolie anasema dola 120. Iko chini ya 150. Kampuni itakupa sifuri. Usipoteze siku hata moja. Ule dada yetu alipeleka madai matatu ya namna hii.

Tolie anasema dola 230. Kampuni itakupa 80. Sasa toa: taksi za kwenda na kurudi ofisini, kopi na picha, siku ambazo motokari imesimama ikingoja eksperi aje kuiangalia. Kama motokari inakuingizia verseman ya dola 25 kila siku, siku tatu za kungoja zimekula 75. Umebaki na dola 5 na uchovu. Tena, wakati wa kuurudilia mkataba, kampuni inaangalia mara ngapi ulikuja. Jilipie.

Tolie anasema dola 900. Kampuni itakupa 750. Hata ukipoteza siku tano za kazi, bado uko mbele sana. Nenda, na usione haya. Umelipia hiyo.

Hesabu yenyewe ni hii: chukua bei ya kutengeneza, toa franshizi, toa siku za kungoja na gharama za njia. Kinachobaki ndicho unachokwenda kutafuta. Kama kinachobaki ni kidogo, acha. Kama ni kikubwa kuliko unachoweza kutoa bila kunyima nyumba chakula ama watoto minervali, nenda.

Na kabla hujanunua, uliza kwanza. Ukichagua franshizi kubwa, bei ya mwaka inaweza kushuka, lakini uwe na feza hiyo pembeni. Uliza kama kioo cha mbele kiko na mpango wake, maana barabara ya Likasi na ile ya Kasumbalesa, nyuma ya makamyo ya mizigo, jiwe dogo linapasua kioo siku yoyote. Uliza pia mkataba wako unasema motokari ni ya kazi gani. Kama umeandika ya kutembea na familia na wewe unabeba abiria wa kulipa, siku ya ajali hilo litakuwa neno la kwanza watakalokuambia.

Mashauri kutoka Ulaya

Wengi tuko na ndugu Ubelgiji, Ufaransa, Kanada. Unampigia simu, anakwambia: "Leki, usijulishe kitu kidogo, watakupandishia bei." Hasemi uongo. Ufaransa, kwa mfano, kuko kanuni ya taifa: kila mwaka bila ajali ya kosa lako bei inashuka 5 kwa 100, na ajali moja ambayo kosa lote ni lako inaipandisha 25 kwa 100. Mtu wa kule anafikiri mara mbili mbele ya kudai kitu cha euro 200. Tanzania, Kenya na Zambia pia wanajua ile punguzo la mtu ambaye hakudai kitu mwaka mzima.

Lakini angalieni: ndugu yako wa Bruxelles anaongea juu ya parshoki yake mwenyewe, iliyo ndani ya bima yake kubwa. Hakukuambia uache kujulisha mtoto aliyeguswa kwenye Ruashi. Ushauri ule ni wa jambo la tatu, wewe ukiuchukua ukaupeleka kwenye jambo la kwanza unajifungia mlango mwenyewe. Chukua neno lake pale linapofaa tu.

Kama ni wewe uliyegongwa

Tumeongea kama vile sisi tunagonga tu. Wengi kati yetu hatuna motokari. Tunatembea kwa miguu, tunapanda pikipiki. Basi mjue: ile bima ya lazima ya mtu aliyekugonga iliwekwa juu yako wewe. Si zawadi yake. Huna haja ya kuwa na asiransi yako ili kuomba kwa asiransi yake.

Kwa hiyo, ukigongwa, ama mtoto wako akigongwa, usitosheke na feza ya mkono. Soma nambari ya plaki. Soma karatasi ya asiransi: jina la kampuni, namba ya mkataba, tarehe ya kuisha. Piga picha. Kama uko chini huwezi, omba kijana aliye karibu apige. Nenda daktari siku ile ile, chunga kila fakitiri na kila reseti ya dawa. Polisi waandike PV. Kisha barua kwa kampuni ile. Sisi wa ofisi ya chama tutakusaidia kuiandika kwa Kifaransa. Barua hatutozi feza.

Na kama alikuvunjia kitu kidogo tu, tuseme beseni la ndizi ama gurudumu la mbele la baiskeli, akikubali kulipa bei yake papo hapo, pokea, andikeni, achaneni kwa amani. Safari ya kwenda ofisi juu ya beseni ingekula beseni lingine.

Wanaovuka Kasumbalesa

Bandugu wanaopeleka biashara Chingola, Kitwe na Ndola, neno lenu ni fupi. Kule wanatembea upande wa kushoto, sisi kulia. Motokari zetu nyingi zina usukani wa kuume, mnajisikia nyumbani, lakini saa ya kuvuka mpaka kichwa kinabaki na barabara ya huku. Ajali ndogo ndogo nyingi zinatokea kwenye ronpwani na pale mtu anapotoka kituo cha esansi.

RC ya hapa peke yake haikufuniki kule. Ndiyo kazi ya kadi ya manjano ya COMESA. Inalipa hasara unayoletea watu wa nchi unayoitembelea, pia matibabu ya shofera na abiria wake. Hailipi motokari yako. Mtu akiguswa Zambia, usimalize na kwacha mkononi ukavuka mpaka usiku. Nenda polisi wa kule, toa namba ya kadi, omba karatasi yao, na ukifika Lubumbashi julisha kampuni iliyokuuzia kadi. Kuna wanachama wanaolala Zambia na familia zao bado ziko kule. Jina lako kule lichunge.

Pale pale barabarani

Wazee waliomba niseme kwa mpango, ili mtu akate karatasi hii aiweke ndani ya motokari.

1. Simama. Weka alama nyuma ya motokari. Angalia watu kwanza, vyuma nyuma.
2. Kama mtu ameumia, hospitali na polisi. Hapana kusikilizana barabarani.
3. Piga picha kabla motokari hazijasogezwa: barabara yote, plaki zote mbili, pahali palipoharibika, karatasi ya asiransi ya mwenzako.
4. Chukua majina na simu za mashahidi wawili, wasiwe ndugu zako.
5. Jazeni konsta pamoja kama iko. Kama haiko, karatasi ya daftari inatosha. Chora barabara. Sahihi mbili.
6. Usitie sahihi kwenye kitu ambacho huwezi kusoma. Kama ni Kifaransa na hukielewi, piga simu ofisi ya chama, tutasoma kwa simu.
7. Julisha kampuni kwa maandishi, kopi mbili. Moja wabaki nayo, moja wapige muhuri wa kupokea na tarehe. Bila muhuri, kesho watasema hawakuona kitu.

Na kitu kimoja cha kufanya leo, hata bila ajali: linganisha karatasi ya asiransi na karti roze ya motokari. Jina, plaki, namba ya shasi, tarehe. Kama ulinunua karatasi hiyo kwa mtu wa njiani bila kwenda ofisini na bila reseti, nenda nayo kwenye kampuni iliyoandikwa juu yake uulize kama wanaijua. Ni vizuri ujue leo, kuliko ujue mbele ya mtu anayetoka damu.

Mfuko wetu

Namaliza na feza, maana wafadhili wako hapa na wana haki ya kusikia.

Mfuko huu ulianzishwa ili mtu anayerudi asianguke mara ya pili. Unalipa kitanda cha hospitali, jeneza, mwezi wa kwanza wa nyumba, mtaji mdogo wa unga ama makala. Kila mara unapolipa deni la ajali ambalo kampuni ingelilipa, kuna mama mmoja katika Katuba ama Kampemba tunamwambia "ngoja mwezi ujao". Sisemi tumwache ndugu aliyepata ajali. Nasema tumsaidie pale ambapo msaada wetu unafungua mlango wa asiransi, badala ya kukaa nafasi yake.

Kwa hiyo naleta mbele ya komite mapendekezo matatu, mtayajadili na kuyapigia kura katika mkutano ujao. Kwanza, mfuko uweze kumkopesha mwanachama feza ya franshizi, ama ya kutengeneza kitu kidogo kilicho chini yake, arudishe kwa vipande vya kila wiki. Mkopo wa dola 120 unaorudi ni bora kuliko zawadi ya dola 600 isiyorudi. Pili, kwa ajali yenye mtu aliyeumia, mfuko usaidie matibabu ya haraka ya siku za kwanza, lakini dosie iwe na karatasi yenye muhuri kwamba kampuni imejulishwa. Tatu, mwanachama mwenye motokari ama pikipiki ya kazi aonyeshe asiransi yake kwa mwandishi wa chama kila mwaka. Yule asiyeweza kuilipa mara moja, tutafute naye njia ya kuiweka akiba kidogo kidogo, kama tunavyofanya kwa minervali.

Kwa wafadhili: mkitaka kuona feza yenu inakwenda mbali, saidieni mambo haya ya karatasi. Kopi, daftari la konsta, siku moja ya mafundisho kwa bashoferi na bijana wa pikipiki. Haina picha nzuri ya kutuma Ulaya, najua. Lakini ule msichana wa Ruashi angepata plasta yake siku ya kwanza, na mfuko ungebaki na feza zake.

Basi, bandugu, tukitoka hapa kila mmoja afungue mkataba wake na atafute mambo matatu: siku za kujulisha, franshizi, na motokari imeandikwa kwa kazi gani. Asiyeelewa neno, alete karatasi ofisini siku ya Jumanne ama Alhamisi asubuhi, tutasoma pamoja.

Sasa ni zamu yenu: maulizo. Naona mzee pale nyuma ameinua mkono tangu kwenye hesabu ya dola 230. Baba, tunakusikiliza.